Je, trafiki anaweza kukufuata mpaka uani kwako?

Leo nataka tubishane kidogo. Swali ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: sheria za barabarani zinaishia wapi? Zinaishia pale lami (au vumbi) linapoishia, au zinakufuata mpaka chini ya migomba yako, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, kwenye maegesho ya baa? Mimi sio mwanasheria. Ni mwandishi wa habari mwenye tabia mbaya ya kusoma vitu ambavyo hakuombwa kuvisoma, na hili limenikaa kichwani tangu nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita.

Nyumbani ni Kituntu. Kwa wasiokujua, Kituntu ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, huko ambako ukitoka Bukoba unapita Kyaka, kisha unaanza kupanda milima na kuiona migomba mpaka unaichoka. Watu wa Kyerwa nao walikuwa wenzetu wilaya moja mpaka tulipogawanywa mwaka 2012. Ni nchi ya kahawa, ndizi, maharage na siku hizi bodaboda. Wale vijana wa rika langu ambao hawakwenda mjini wengi wao wako juu ya pikipiki.

Basi siku hiyo bodaboda mmoja alikuwa amepakia mshikaki, abiria wawili na yeye wa tatu, hakuna hata mmoja mwenye kofia ngumu. Akamwona trafiki mbele. Kijana hakuwaza mara mbili, akakata kulia, akapita kwenye pengo la miramula (ile mimea tunayopanda mpakani) na kuzama kwenye kibanja cha mzee mmoja. Askari akafuata kwa miguu, akafika kwenye mpaka na kumkuta mzee mwenyewe amesimama hapo na panga lake la kupogolea migomba. Panga la kazi tu, asije mtu akaelewa vibaya.

"Afande, karibu. Unataka nini?"

"Shikamoo mzee. Namtaka huyo kijana na pikipiki yake."

"Marahaba. Pikipiki iko kwangu, afande, haiko barabarani."

"Mzee, kosa limefanyika barabarani."

"Basi kalikamate huko huko barabarani."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Askari naye akacheka (nampa heshima yake kwa hilo), akaandika namba ya pikipiki kwenye karatasi, akarudi zake barabarani. Abiria wakamalizia safari kwa miguu. Kijana akakaa uani mpaka jioni, akala ndizi za watu.

Ubishi ulioanzia hapo ulikwenda mpaka usiku kwenye kijiwe cha lubisi, na nilishangaa jinsi kila mtu alivyokuwa na uhakika. Wengi walisema mzee ameshinda: kwako ni kwako, polisi hana lake. Mwalimu mmoja mstaafu akasema hapana, Tanzania hakuna mtu anayemiliki ardhi, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, kwa hiyo hakuna cha "kwangu" wala "kwako", afande angeweza kuingia tu. Wote wawili, kwa maoni yangu, walikosea. Tena walikosea kwa sababu ile ile: walikuwa wanabishania ardhi ni ya nani.

Nianze na mwalimu. Ni kweli, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini. Dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo, ndiyo inayompa mzee wa Kituntu hatimiliki ya kimila ya kibanja chake. Lakini kutoka hapo huwezi kuruka mpaka kusema askari anaingia anapotaka. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda maskani ya mtu na maisha yake binafsi, na inataka sheria iweke utaratibu wa jinsi haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Utaratibu huo upo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20: upekuzi una hati yake, una saa zake, una mashahidi wake, na ukichukuliwa kitu unapewa stakabadhi. Umma wa ardhi ni jambo la hati. Haumaanishi kwamba umma umealikwa chumbani kwako. Tungekubali hoja ya mwalimu, basi kila nyumba nchini ingekuwa stendi.

Sasa mzee. Alichekesha, lakini kisheria alikuwa kwenye utelezi. Kosa la mshikaki lilitendeka barabarani, mbele ya macho ya askari, na kosa likishatendeka halifutiki kwa kuvuka miramula. Ingekuwa hivyo, kila mwizi angekuwa na shamba la kukimbilia. Hiyo Sura ya 20 niliyoitaja inampa polisi nafasi ya kuingia mahali kumkamata mtu anayemshuku kwa sababu za msingi, na wajibu wa mwenye nyumba hapo sio kuziba njia. Kama afande alichagua kutoingia, aliamua hivyo kwa busara yake, maana kwa kosa ambalo faini yake ni shilingi 10,000 (bodaboda na bajaji walishushiwa mwaka 2021 kutoka 30,000), kuvunja heshima ya mji wa mtu ni hasara kuliko faida. Namba aliyoiandika inatosha kabisa kumtafuta mtu kesho yake.

Kwa hiyo tukio la siku ile sio gumu. Gumu ni lingine: vipi kama kosa lenyewe limeanzia na kuishia ndani? Kijana wa miaka kumi na mitatu anayejifunzia pikipiki kwenye uwanja wa mpira wa shule. Pick-up isiyo na bima inayobeba mikungu kutoka shambani hadi mlangoni na haigusi barabara hata siku moja. Mlevi anayeendesha kuzunguka uwanja wa baa. Je, trafiki ana la kusema hapo?

Tazama kwanza jina la sheria. Inaitwa Sheria ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, Sura ya 168. Barabarani. Soma hati ya mashtaka ya kesi yoyote ya ajali hapa nchini na utakuta imetaja barabara, kwa jina lake au angalau kwa eneo lake, kwa sababu mwendesha mashtaka anajua kwamba bila barabara kesi yake inayumba. Kwa hiyo yule jamaa yako wa Tabata mwenye gari bovu lililokaa juu ya mawe miaka minne, asiyelala akiwaza bima iliyoisha, mwambie alale. Gari lililo juu ya mawe nyumbani kwa mtu halitumiki barabarani. Siku atakapolishusha na kulitoa nje ya geti ndipo mazungumzo yataanza.

Lakini barabara ni nini? Hapo ndipo utamu ulipo.

Wenzetu wa Kenya wamejibu waziwazi. Sheria yao ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950, haikuishia kwenye barabara za serikali. Inahesabu kuwa ni barabara pia njia nyingine yoyote, gati, maegesho ya magari na hata njia ya miguu, ilimradi magari yanaweza kupita na umma unaingia. Umma unaingia! Hayo ndiyo maneno ya kushika. Hawakuuliza hati ya kiwanja ina jina la nani.

Na wao hawakulianzisha. Mawazo haya yalikuja na sheria za Waingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa wameshaligombania. Mwaka 1932 huko Uskochi dereva aliyekuwa amefungiwa kuendesha alikamatwa akiendesha kwenye njia ya shamba, njia inayotoka barabara kuu kwenda kwenye nyumba ya mkulima. Njia ilikuwa ya mkulima. Mkulima ndiye aliyeitengeneza. Utetezi ukawa kama wa mzee wetu: hapa sio barabara, hapa ni shambani. Mahakama ikaangalia mambo mengine kabisa. Kuna geti? Hakuna. Watu wasio na shughuli na mkulima hupita? Hupita. Ingawa mara moja moja mkulima aliwafukuza baadhi, kwa kweli watu walikuwa wanapita bila kuvunja kizuizi na bila kukaidi katazo. Basi ni barabara, na dereva ana kesi ya kujibu.

Mimi naona akili ya uamuzi ule ingewafaa sana watu wa Kituntu kuliko hata wa Uskochi. Maana kwetu nani anajua njia ni ya nani? Tunapita katikati ya vibanja vya watu tangu tukiwa na miaka sita tukienda shule. Njia ilianza kwa miguu, ikapanuka kwa baiskeli za kubeba ndizi, leo inapita pikipiki na msimu wa kahawa inaingia Fuso. Mwenye kibanja hajawahi kuweka geti wala kumkataza mtu. Ukimwuliza atasema "hii ni yangu", na ni kweli ni yake, lakini nusu ya kijiji inapita hapo kila asubuhi, wamo na watoto wa darasa la kwanza. Kijana akipita hapo na pikipiki kwa kasi ya kichaa, eti sheria ifumbe macho kwa sababu njia haina namba ya TANROADS wala ya TARURA?

Kuna kichekesho kingine. Baadhi ya hayo maeneo tunayoyaita binafsi sio binafsi hata kidogo. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kufikia mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22 na nusu. Zile alama za X zilizochorwa kwenye kuta za watu mnazikumbuka. Kwa hiyo yule mwenye duka anayemwambia trafiki "umeingia kwenye uwanja wangu" huenda wote wawili, yeye, trafiki na meza ya vocha, wamesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Hesabu mita 30 kwa miguu kutoka katikati ya lami siku moja uone unafika wapi. Mimi nilihesabu kwenye senta moja (sitaitaja) nikajikuta nimepita duka, nimepita jiko, niko nyuma chooni.

Mjini mambo ni yale yale, yamevaa tai tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani ni eneo la chuo, lina walinzi wake, lakini daladala zimeingia humo miaka na miaka na konda anaita "Chuo, Chuo" kama anavyoita Mwenge. Utasema hapo umma hauingii? Maegesho ya Mlimani City, tangu ifunguliwe mwaka 2006, nani ameulizwa kadi ya uanachama mlangoni? Kituo cha mafuta ambacho kila bodaboda anakitumia kukwepa taa za kuongozea magari, je? Hayo yote kwa kipimo cha umma kuingia ni mahali ambapo mtu akigongwa, anagongwa kama mtu wa kawaida aliyekuwa katika shughuli zake za kawaida. Lakini uani kwako ndani ya geti lililofungwa, au katikati ya shamba la miwa ambako wanaingia wafanyakazi tu, hali ni tofauti, na ninaungana na mzee: afande asije kuhesabu stika huko.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, sawa, umetupa somo, lakini nani anajali? Trafiki wenyewe hawatoshi barabarani, nani atawapeleka kwenye vichochoro vya Kituntu? Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu kwenye kile kijiwe cha lubisi wote tulikuwa tunalizungumzia suala hili kana kwamba ni vita kati ya raia na faini. Kama trafiki hawezi kuingia, tumeshinda. Sidhani kama tumeshinda.

Naifahamu familia moja huko huko Karagwe. Msimu wa kahawa, gari lilikuja kuchukua magunia. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, watoto wanacheza pembeni kama watoto wanavyocheza. Gari likarudi rivasi. Taniboi alikuwa anabishana kuhusu magunia, hakuwa nyuma ya gari. Binti wa miaka saba akavunjwa mguu. Alipona, nashukuru, ila anachechemea mpaka leo. Gari lilikuwa na bima ndogo, ile ambayo kazi yake hasa ni kumlipa mtu kama huyu binti. Baba yake alipoanza kufuatilia, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Ajali ilitokea barabara gani?" Mzee wa watu akajibu ukweli, ilitokea nyumbani. Basi. Akaambiwa hiyo sio ajali ya barabarani. Ikaishia kwa wazee kukaa, mwenye gari akatoa hela ya hospitali na mbuzi, wakapeana mikono. Mbuzi aliliwa, mguu ndio huo.

Sasa unaona? Ule ukuta tunaoushangilia kwa sababu unamzuia trafiki unamzuia na mlipaji wa fidia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, nayo inazungumzia kutumia gari barabarani. Neno ni lile lile. Ukilibana neno "barabara" ili bodaboda asiandikiwe shilingi 10,000, umelibana pia kwa mtoto aliyelala na bandeji. Huwezi kulibana upande mmoja na kulilegeza upande wa pili.

Wengine duniani wameshaumizwa na jambo hili wakalirekebisha. Mwaka 1998 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama yao ya juu kabisa, liliamua kesi mbili kwa pamoja za watu walioumizwa kwenye maegesho ya magari. Waheshimiwa wakasema maegesho, kwa maana ya kawaida ya neno, sio barabara: barabara ni ya kukupeleka mahali, maegesho ni mahali penyewe. Kiingereza safi, mantiki safi, majeruhi wakabaki mikono mitupu. Haikupita muda, mwaka 2000, serikali ikaongeza maneno machache kwenye sheria ya bima: barabara "au mahali pengine pa umma". Kwa makosa ya kuendesha kwa hatari walikuwa wameshayaongeza maneno kama hayo kwa sheria ya mwaka 1991. Yaani hawakuhitaji tume wala semina ya siku tatu. Ni maneno tu.

Halafu kuna kesi ya Slovenia ambayo nilipoisoma niliona Karagwe kabisa. Agosti 2007, watu wanapakia majani makavu kwenye dari la ghala shambani. Trekta lenye tela linarudi nyuma uani, linaigonga ngazi, mtu aliye juu ya ngazi anaanguka. Bima ikasema hii sio ajali ya barabarani, trekta lilikuwa linafanya kazi shambani. Kesi ikafika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2014 mahakama ikasema bima ya lazima inahusu matumizi yoyote ya chombo yanayolingana na kazi yake ya kawaida, hata uani kwa mtu. Aliyeumia akawa na haki yake. Waingereza hawakuupenda uamuzi huo, waliona unapandisha gharama za bima, na baada ya kujitoa kwenye Umoja wakapitisha sheria mwaka 2022 kuufuta kwao. Kwa hiyo hata huko wanabishana, na gharama ni hoja ya kweli, siikatai. Mtu wa pick-up ya ndizi hana hela za kuchezea.

Ila hesabu hizo zifanywe tukijua nani analipa sasa hivi. Sasa hivi anayelipa ni yule binti.

Najua atakayenijibu: ukiwapa polisi mlango huu mdogo, kesho watakuwa sebuleni. Hofu hiyo ninayo pia, tena mimi kwa kazi yangu ninayo zaidi kuliko wengi. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kiwe umma kuingia, sio hamu ya askari. Mahali penye geti na katazo, afande aje na utaratibu wa Sura ya 20 au asubiri nje. Na kusubiri nje kuna faida zake! Kwenye baa, kwa mfano, hana haja ya kuvamia maegesho na kuwatia watu hofu. Akae getini. Kila aliyelewa mle ndani atatoka tu, na akitoka na usukani mkononi yuko barabarani, mchana kweupe kisheria hata kama ni saa nane ya usiku.

Tena tusisahau kwamba sheria ya barabarani sio sheria pekee nchini. Mtu akiua kwa uzembe uani, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haiulizi kama palikuwa na lami. Kuua bila kukusudia ni kosa sebuleni, shambani, popote. Polisi ataingia na ni lazima aingie. Pengo liko kwenye yale ya katikati, ambayo hayajaua mtu: mwendo, ulevi, kijana asiye na leseni, breki mbovu. Yale ambayo yangezuiwa mapema, mguu ungekuwa mzima.

Na pengo hilo la katikati, kwa kijiji kama Kituntu, silioni likizibwa na trafiki kutoka Kayanga. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, uwezo huo upo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Tumetunga za mbuzi wanaozurura, tumetunga za usafi wa vyoo. Hatujashindwa kutunga ya magari yanayoingia kwenye viwanja vya kuanikia kahawa, gulioni na viwanja vya shule: mwendo wa mtu anayetembea, na gari lisirudi rivasi bila mtu kusimama nyuma. Mwenyekiti wa kijiji na mgambo wake wanatosha kuisimamia, na hakuna atakayesema wamevamia, maana ni majirani.

Hilo la bima linahitaji Dodoma. Ni maneno matatu, "mahali pa umma", yaingie kwenye Sura ya 169 na kwenye Sura ya 168, yaandikwe kwa namna ambayo baba wa yule binti anaweza kuyasoma mwenyewe. Kwa uani kabisa, kama kwake, bado haitatosha, na hapo nakubali tunahitaji mjadala wa Kislovenia: je, gari linaloingia kwa mtu kibiashara, kuchukua kahawa yake, liwe na bima inayolifuata mpaka linapopakilia? Mimi nasema ndiyo. Mwenye Fuso atasema hapana, na nilipomwuliza mmoja alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, huku ameegesha kwenye kibanja cha mjomba wangu, tairi la nyuma liko juu ya turubai la kahawa.